Vigae Juu ya Sakafu Inayopashwa Joto: Namna ya Kuchagua Matabaka ya Chini

Fundi aliyejifunza kazi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam huijua sakafu kuwa ni jamvi la zege. Kifusi hushindiliwa, mawe hupangwa, zege humwagwa, na vigae hubandikwa juu ya kitu kisichotikisika. Fundi huyo huyo akifika Minneapolis, Columbus au Toronto, akaombwa na ndugu aliyenunua nyumba amtandikie vigae bafuni pamoja na waya za kupasha sakafu joto, mara nyingi hukuta kwamba chini ya miguu yake hakuna zege hata kidogo. Kuna boriti za mbao zilizopangwa kwa nafasi ya sentimita 40 hivi kutoka moja hadi nyingine, juu yake zimepigiliwa bodi pana za mbao, na chini yake kuna chumba kingine au uwazi mtupu. Sakafu ya namna hiyo hupinda mtu anapopita, hunywa unyevu katika majira ya joto na hukauka wakati wa baridi kali, na ikipashwa joto hukauka zaidi.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya fundi huyo na mwenye nyumba anayemwajiri. Karibu kila sakafu ya vigae yenye joto niliyoitwa kuibomoa ilikuwa imeharibika kwa sababu ya kile kilichokuwa chini ya vigae, wala si kwa ubovu wa vigae vyenyewe wala kwa joto peke yake. Kwa sababu hiyo ninasisitiza mpangilio huu wa maamuzi: uanze na uimara wa sakafu, kisha ufuatilie njia ya joto, na rangi ya vigae uichague ukiwa umekwisha kuyamaliza hayo.

Hatua ya kwanza: jua umesimama juu ya nini

Usinunue chochote kabla ya kuiona sakafu kwa ndani. Nyumba nyingi za Marekani na Kanada hupashwa joto kwa hewa ya moto inayopita katika matundu ya sakafuni. Inua kifuniko cha tundu lililo karibu, umulike tochi kwenye ukingo uliokatwa, nawe utayaona matabaka yote moja juu ya jingine bila kuvunja kitu. Bafuni kwa dada mmoja kaskazini mwa Minneapolis nilihesabu matabaka matano: zulia la plastiki, plaiwudi nyembamba ya milimita 6, zulia jingine la zamani, chipbodi iliyovimba pembezoni, na chini kabisa mbao nyembamba zilizopigiliwa mshazari. Alikuwa ameambiwa kwamba vigae vingeweza kubandikwa juu ya hayo yote kwa siku moja. Tulitoa matabaka manne, tukabakiza mbao za chini tu, na ndipo kazi ikaanza.

Ukikuta vigae vya plastiki vya zamani vyenye upana wa inchi 9, yaani sentimita 23 hivi, au gundi nyeusi chini yake, simamisha kazi. Vigae vingi vya aina hiyo vilivyowekwa kabla ya miaka ya 1980 vina asbesto, na vumbi lake hudhuru mapafu kwa namna isiyotibika. Usikwangue wala usisugue kwa mashine. Peleka kipande kidogo maabara kwanza.

Kama nyumba imejengwa juu ya jamvi la zege, uko katika hali iliyo karibu zaidi na ile uliyoizoea nyumbani, ingawa kuna maswali mawili ya lazima, ambayo ni kama zege hilo limekauka, na kama lina kihami joto chini yake au limelala moja kwa moja juu ya ardhi yenye baridi.

Hatua ya pili: pima ukakamavu wa boriti

Kanuni inayotumiwa na mafundi wa vigae Amerika Kaskazini husema kwamba sakafu ikibebeshwa mzigo wake isipinde zaidi ya urefu wa boriti ukigawanywa kwa 360, ikiwa vigae ni vya kauri au poseleni. Kwa mawe ya asili urefu hugawanywa kwa 720. Boriti yenye urefu wa mita 3.6 kati ya nguzo na nguzo inaruhusiwa basi kupinda milimita 10 chini ya vigae vya kauri, na milimita 5 tu chini ya mawe. Hapa jina letu linaweza kutuponza, kwa sababu wengi wetu Tanzania tunaviita vigae vyote marumaru, ilhali marumaru halisi ni jiwe, tena jiwe linalopasuka upesi. Mwenye nyumba akikwambia anataka marumaru, muulize anamaanisha nini kabla hujapima boriti, kwa kuwa jibu lake litabadilisha hesabu yote.

Mafundi waliojenga nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar waliyaelewa haya kwa macho na mikono yao. Sakafu zao za juu zilibebwa na boriti za mikoko chini ya tabaka zito la matumbawe na chokaa, na kwa kuwa boriti ya mkoko haistahimili mzigo huo ikiwa ndefu, vyumba vilijengwa vyembamba, kwa kawaida upana wake ukiwa chini ya mita 3. Fundi wa leo hapangiwi upana wa chumba, lakini anaweza kuipunguzia boriti kazi, ama kwa kuifungia boriti pacha ubavuni, au kwa kuweka nguzo na mtambaa wa kuikingia katikati upande wa chini, au kwa kupigilia vipande vya mbao kati ya boriti na boriti ili zisipinduke.

Namna rahisi ya kupata dalili ni kuweka bakuli pana la maji katikati ya sakafu, kisha mtu mzima apite kando yake kwa mwendo wa kawaida. Maji yakitikisika sana, usiendelee. Hicho si kipimo cha kihandisi. Ni onyo tu. Kipimo chenyewe hupatikana kwa kujua kimo na unene wa boriti, aina ya mbao, nafasi kati yake na urefu wake, halafu kuyalinganisha na majedwali ya boriti yanayotumiwa na wakaguzi wa ujenzi wa eneo lako. Usisahau kwamba bodi nayo hupinda katikati ya boriti mbili, hata boriti zenyewe zikiwa imara, na hapo ndipo nyufa nyingi huanzia.

Hatua ya tatu: chagua bodi ya mbao

Kwa tabaka la kwanza juu ya boriti ninapendelea plaiwudi ya milimita 18 yenye ulimi na mfereji pembezoni, iliyogandishwa kwa gundi inayostahimili maji. Kwenye bodi za Marekani muhuri wenye maneno Exposure 1 ndio unaothibitisha gundi hiyo. Ilaze ili nyuzi za uso wake zikatize boriti, kwa sababu plaiwudi huwa ngumu zaidi kwa upande wa nyuzi hizo. Acha mwanya wa milimita 3 kati ya bodi na bodi, na milimita 6 au zaidi kwenye ukuta, kwani mbao isiyo na nafasi ya kutanuka hujitafutia nafasi kwa kuinuka.

Kuna bodi nyingine zilizotengenezwa kwa vipande vipana vya mbao vilivyoshindiliwa kwa gundi, ambazo madukani huitwa OSB. Nyumba nyingi mpya huwa nazo tayari. Zinafaa kubaki kama tabaka la chini ikiwa ni kavu na zimefungwa vizuri, lakini pembe zake zikinywa maji huvimba, na zikikauka hazirudi kikamilifu katika unene wake wa awali. Pitisha kiganja juu ya kila kiungo, na palipoinuka pasugue kwa mashine hadi pawe sawa. Gundi ya vigae usiipake moja kwa moja juu yake. Chipbodi yenyewe iondolewe yote, kwa kuwa hulainika kwa unyevu, haishiki skrubu, na joto la kila siku huichosha upesi.

Tabaka la pili la plaiwudi ni la lazima kwa mawe ya asili, na ni la busara kwa vigae vya kauri pale boriti zilipoachana kwa sentimita 60. Unene wa milimita 12 hutosha kwa kawaida. Viungo vyake visikutane na viungo vya chini, na skrubu zake zishike bodi ya chini tu bila kuingia kwenye boriti, ili boriti inapopinda au kukauka isiivute bodi ya juu moja kwa moja. Wengi huruka sharti hilo kwa kuwa hudhani skrubu ndefu zaidi ndiyo imara zaidi.

Acha bodi zikae ndani ya nyumba yenye joto la kawaida kwa siku kadhaa kabla ya kuzifunga. Plaiwudi iliyotoka kwenye yadi yenye theluji ikafungwa siku hiyo hiyo, kisha ikawashiwa joto la sakafu, itasinyaa ikiwa tayari imebeba vigae.

Hatua ya nne: fuata njia ya joto

Joto huenda upande wowote wenye baridi ambako hapana kizuizi. Waya au bomba la maji ya moto likiwekwa juu ya jamvi la zege lisilo na kihami, sehemu kubwa ya joto itaishia kupasha zege na ardhi, na mwenye nyumba atangoja saa nyingi kabla ya nyayo zake kuhisi kitu. Kwa hiyo kila unapochagua tabaka, jiulize linazuia joto kwa kiasi gani na liko upande gani wa chanzo cha joto. Tabaka linalozuia joto liwe chini ya chanzo, na linalopitisha joto liwe juu yake.

Plaiwudi ya milimita 18 huzuia joto zaidi ya mara 10 kuliko kigae cha poseleni cha milimita 10. Zege na vigae hupitisha joto vizuri, mbao haipitishi, na povu gumu la polistireni huzuia takriban mara nne kuliko mbao ya unene ule ule. Ndiyo maana waya za umeme huwekwa juu ya mbao, karibu kabisa na kigae, wala hazifichwi chini ya plaiwudi. Mabomba ya maji ya moto yanaweza kufungwa chini ya plaiwudi kati ya boriti ikiwa sakafu ya juu haiwezi kuinuliwa, ila yafungwe kwa bamba za alumini zinazogusa mbao vizuri na kusambaza joto, kisha chini yake pajazwe kihami kinene, la sivyo chumba cha chini kitafaidi joto kuliko cha juu. Hata hivyo maji italazimu yawe moto zaidi kuliko yale yanayopita katika zege.

Kwenye jamvi jipya, laza povu gumu lenye unene wa sentimita 5 au zaidi chini ya zege lote, na usisahau kulisimamisha pembezoni mwa msingi, kwa kuwa huko ndiko joto hupotea zaidi. Kwenye jamvi la zamani lisiloweza kubomolewa, tumia bodi za povu gumu zilizopakwa simenti pande zote mbili, ambazo hupatikana kuanzia milimita 6, zibandike kwa gundi ya vigae, kisha uweke waya juu yake. Kwa kazi za bafuni kwenye zege lenye baridi sijaona fedha inayorudi upesi kama ile ya bodi hizo.

Waya za umeme hutoa kwa kawaida wati 130 hivi kwa kila mita ya mraba. Saketi ya volti 120 na ampea 15 haipaswi kubeba mzigo wa muda mrefu unaozidi asilimia 80 ya uwezo wake, yaani wati 1,440, na hiyo inatosha mita za mraba 11 zenye waya. Sehemu iliyo chini ya kabati na beseni haiwekwi waya, kwa hiyo bafu la kawaida huenea. Kuunganisha umeme kuachiwe fundi umeme mwenye leseni, na saketi iwe na swichi ya usalama inayokata umeme mara unapovuja. Kuhusu joto la uso, kanuni ya Ulaya EN 1264 huweka kikomo cha nyuzi 29 za selsiasi kwa vyumba vya kukaa na 33 kwa bafu. Ukivuka hapo miguu haistareheki, na mbao ya chini huumia.

Hatua ya tano: chagua tabaka la kati

Mbao haifai kubandikwa vigae moja kwa moja katika sakafu yenye joto. Kati yake na kigae panahitajika tabaka linaloshika gundi na kustahimili unyevu. Uchaguzi wa tabaka hili ndio unaopotosha watu wengi, kwa kuwa kila duka lina bidhaa yake na kila bidhaa ina sifa zake.

Bodi ya simenti ndiyo ya bei nafuu na iliyozoeleka zaidi. Haivimbi kwa maji na hushika gundi vizuri. Lakini haiongezi ukakamavu wa sakafu, jambo ambalo lazima lisemwe wazi kwa sababu wako wanaoifunga juu ya sakafu inayoyumba wakidhani wameitibu. Ya milimita 6 hutosha sakafuni. Ilazwe juu ya gundi ya vigae iliyotandazwa mbichi kwa mwiko wa meno, si kwa ajili ya kuigandisha bali kwa ajili ya kujaza kila uwazi chini yake, kisha ifungwe kwa skrubu kila sentimita 20. Viungo vifunikwe kwa utepe wa nyavu usioliwa na simenti na kujazwa gundi. Skrubu zote ziingie kabla ya waya kulazwa. Baada ya hapo drili iondoke chumbani.

Utando wa plastiki wenye vishimo ndio ninaouchagua mimi kwa sakafu nyingi za mbao. Ni karatasi ya polithini yenye vishimo vya mraba upande wa juu na kitambaa chembamba upande wa chini. Kitambaa hushikwa na gundi iliyo juu ya plaiwudi, nayo gundi ya kigae hujaa vishimoni na kujifunga humo. Mbao ya chini ikisinyaa au kutanuka kwa upande, utando hunyumbulika na vigae hubaki mahali pake. Zipo aina zenye vifundo ambavyo waya hubanwa katikati yake kwa mkono, unene wote ukiwa milimita 5 na ushei, na hizo humwondolea fundi kazi ya kumwaga tabaka jingine la kufunika waya.

Ila utando huo una mipaka yake. Husaidia mwendo wa upande kwa upande. Mwendo wa juu na chini, yaani kupinda kwa boriti, hauuzuii kamwe. Tena hutaka mkono makini. Nyumba moja niliyoitwa ilikuwa na vigae vilivyolia kama ngoma ukivigonga kwa kifundo cha kidole, na bado havijatimiza miaka miwili. Nilipoinua kimoja kilitoka kizima bila kupigwa nyundo. Chini yake vishimo vilikuwa vitupu, vimekaa kama sega lisilo na asali, na gundi ilikuwa imetambaa juu ya kingo zake tu kwa mistari ya mwiko. Dawa yake ni ndogo mno kulinganisha na hasara ile: kwanza sukumiza gundi vishimoni kwa upande bapa wa mwiko hadi vijae vyote, kisha pitisha upande wa meno, ndipo uweke kigae.

Simenti ya kujisawazisha ni uji mwepesi unaomwagwa ukajitandaza wenyewe. Hufaa pale sakafu ina mabonde, au waya zimelazwa wazi na zinahitaji kufunikwa. Mbao ipakwe kwanza dawa ya kushikisha inayotajwa kwenye mfuko, na itandikwe nyavu kama mtengenezaji anavyotaka. Kila tundu, hata la upana wa msumari, lizibwe, maana uji huo hupita popote maji yapitapo, na kuutoa ndani ya bomba la hewa ukishaganda ni kazi ya siku nzima. Kila milimita 10 za unene huongeza takriban kilo 20 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo urudie hesabu ya boriti.

Tabaka la kumwaga la jasi hutumiwa zaidi pale mabomba ya maji ya moto yanapotandazwa juu ya sakafu ya mbao. Kwa unene wa milimita 38 uzito wake hukaribia kilo 70 kwa mita ya mraba, na hapo mhandisi aulizwe, si kukisia. Hupitisha joto vizuri na huuzunguka mviringo wote wa bomba. Lakini jasi na simenti haziishi pamoja kwa amani penye unyevu: hufanya fuwele zinazotanuka na kukiachanisha kigae na sakafu. Kwa hiyo uso wa jasi lazima ukauke kabisa, usuguliwe, na upakwe dawa ya kuziba, au utandikwe utando, kabla ya gundi yoyote ya simenti kuugusa.

Jumlisha unene wa kila tabaka kabla ya kununua. Bodi ya simenti milimita 6, uji wa kufunika waya 10, gundi 4 na kigae 10 ni milimita 30. Utando wenye vifundo, gundi na kigae hicho hicho hufika 20 au zaidi kidogo. Tofauti hiyo ya sentimita moja ndiyo inayoamua kama mlango utafunguka, kama kizingiti kitawakwaza wazee, na kama pete inayofunga choo sakafuni itakaa juu ya vigae inavyotakiwa.

Hatua ya sita: ngoja unyevu uishe

Zege jipya liachwe siku 28 kabla ya kubandikwa vigae. Kulijaribu, bandika karatasi ya plastiki angavu yenye upana wa sentimita 45 kila upande, ziba kingo zake zote kwa utepe, na uiache saa 16 au zaidi. Ukikuta matone au zege limekuwa jeusi, bado lina maji.

Sakafu yenye mabomba ipashwe joto kabla ya vigae, si baada. EN 1264 huagiza kwamba tabaka la simenti lisiwashiwe joto kabla ya siku 21, na la jasi kabla ya siku 7. Maji huanza kwa nyuzi 20 hadi 25 kwa muda wa siku 3, kisha hupandishwa hadi kiwango cha juu kilichopangwa na kukaa hapo siku 4. Nyufa zitakazotokea zitokee wakati huo, ungali unaweza kuziona na kuziziba. Waya za umeme zilizo ndani ya gundi ya vigae hazipashwi kwa namna hii. Hizo hungoja hadi mwisho.

Bafuni, usidhani kwamba bodi ya simenti huzuia maji. Haiharibiwi nayo, lakini huyapitisha hadi kwenye mbao. Ama upake dawa ya kuzuia maji juu yake, au utumie utando, na viungo vyake vyote uvifunike kwa utepe wa utando huo huo pamoja na kona za ukutani.

Hatua ya saba: usawa, gundi na mianya

Laza rula ya alumini ya mita 3 kila upande. Kwa vigae vyenye ubavu wa sentimita 38 au zaidi, uwazi chini ya rula usizidi milimita 3; kwa vidogo, milimita 6. Usijaze mabonde kwa kuongeza gundi chini ya kigae, kwa sababu gundi nene husinyaa ikikauka na kukivuta kigae.

Gundi iwe ya simenti iliyoongezwa polima, yenye kunyumbulika. Katika mifuko ya Ulaya tafuta alama ya C2 pamoja na S1. Juu ya utando wa plastiki soma maagizo ya mtengenezaji wa utando, kwa kuwa gundi yenye polima nyingi hukauka kwa kupoteza maji, na ikifungiwa kati ya plastiki chini na poseleni juu huchukua siku nyingi kukomaa. Inua kigae kimoja kila baada ya muda ukitazame mgongo wake. Bafuni na kwa mawe ya asili, gundi iwe imeshika asilimia 95 ya mgongo huo.

Mianya ya kutanukia ndiyo inayosahauliwa zaidi na sisi tuliozoea kusukuma vigae hadi ukutani. Sakafu ya vigae ya mita 6 ikipanda nyuzi 20 hurefuka kwa karibu milimita 0.8, na zege lake kwa zaidi ya milimita 1. Kiasi hicho kinatosha kuinua safu nzima ikiwa kuta zote mbili zimebana. Acha milimita 6 kuzunguka chumba chote, zifunikwe na ubao wa ukutani bila kujazwa grauti, yaani simenti ya kujazia kati ya vigae. Mlangoni na penye chumba kirefu jaza mwanya kwa silikoni. Kwa tabaka la simenti lenye mabomba, eneo moja lisizidi mita za mraba 40, wala ubavu wake usizidi mita 8. Ufa wa kutanukia ulioachwa kwenye zege lazima upande hadi juu ya vigae mahali pale pale.

Hatua ya nane: pima waya, kisha washa polepole

Pima ukinzani wa waya kwa multimita, yaani kifaa cha mkononi cha kupimia umeme, mara tatu: ukiutoa kwenye boksi, ukishaulaza, na vigae vikishabandikwa. Namba ilingane na iliyoandikwa kwenye lebo ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Ikibadilika baada ya kulazwa, tafuta jeraha kabla ya kuchanganya gundi. Waya usikatwe kufupishwa, usivukane, na uwe mbali na pete ya nta ya choo ili nta isiyeyuke. Kihisi joto kilazwe ndani ya mrija katikati ya mistari miwili ya waya, ili kikifa kiweze kuvutwa na kubadilishwa bila kuvunja kigae.

Baada ya grauti, muda wa kungoja kabla ya kuwasha ni ule ulioandikwa na mtengenezaji wa gundi. Mimi hungoja siku 28 hata pale mfuko unaporuhusu mapema zaidi. Siku ya kwanza weka themostati, yaani kidhibiti cha joto, nyuzi chache tu juu ya joto la chumba, kisha uipandishe nyuzi mbili kwa siku. Picha za waya ulivyolazwa, zikiwa na futi kamba iliyonyoshwa kutoka ukutani, pamoja na vile vipimo vitatu na tarehe zake, viwekwe ndani ya mfuko wa plastiki na kubandikwa nyuma ya mlango wa boksi la umeme, mahali ambapo fundi atakayekuja kutoboa sakafu hiyo ataviona kabla ya kushika drili.